Meno Thelathini na Mawili ya Mama Trei

Ratiba ya kwanza ilikufa siku yake ya kwanza, hata saa tano asubuhi haikuiona. Na wala haikuwa ratiba ya kubabaisha. Mwenyewe aliichora Jumapili nzima kwa rula, akaipaka rangi nne: kijani ya biolojia, njano ya kemia, nyekundu ya fizikia, na buluu ya karatasi ile ya mtihani wa maumbo ambayo humtaka mtu azungushe mchemraba kichwani bila kuugusa. Kila nusu saa ilikuwa na kazi yake. Hata chai ilipewa dakika kumi na mbili. Basi Jumatatu chai ikawa ya moto, akainywa kwa dakika ishirini, na kuanzia hapo kila kitu kikasogea, mpaka saa ya kemia ikaangukia ndani ya saa ya kwenda kazini. Akaichana kwa hasira, vipande vinne, akavitupa.

Ya pili aliichora Jumapili iliyofuata. Hiyo haikuwa na rangi. Ilidumu siku tatu, ikafa nayo. Jamani, mtu katumia Jumapili mbili kupanga namna ya kusoma, na kusoma kwenyewe hajasoma hata kurasa kumi!

Mwenye ratiba hizo ni msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke wa miaka thelathini na nne, na pale kliniki hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Mama Trei. Hana mtoto anayeitwa Trei. Ana zile trei za bati wanazowekea vifaa, kumi na mbili, na kwa miaka kumi na moja amezipanga kila asubuhi kwa namna moja: kioo kidogo cha mpini kushoto, kisha vile vya kuchokonolea, kisha koleo, pamba pembeni, sindano ya ganzi imefunikwa ili mgonjwa asiione akaanza kutetemeka kabla ya wakati. Daktari akinyoosha mkono, kifaa kishafika. Hajasema, kishafika. Wagonjwa wengine hudhani wawili hao wana mashine ya kusomana mawazo.

Lakini kumbe, miaka yote hiyo ya kumkabidhi mwenzake koleo, moyoni alikuwa akisema, "Hilo ningelishika mimi." Alikuwa na sababu. Mara nyingi aliona jino lenye tatizo kabla Daktari hajaliona, akalisogelea kwa kioo kimyakimya, akakaa hapo mpaka mwenyewe alione. Sifa zikaenda kwa mwenye cheti ukutani.

Mwaka huu ndio wa mwisho. Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno haumpokei aliyezidi miaka thelathini na nne, na miezi mitatu baada ya mtihani yeye anatimiza thelathini na tano. Akikosa, basi tena. Atapanga trei mpaka nywele ziwe nyeupe. Aliyemwambia ni mumewe peke yake, fundi bomba. Kliniki hakumwambia mtu. Daktari akijua kisha yeye akafeli, atampaje kioo kila asubuhi, wakitazamana hivi? Afadhali afeli kimya.

Ratiba ya tatu ilimjia akiwa kazini, amesimama mbele ya kabati la fomu. Akaitazama karatasi ya chati ya meno: safu mbili za vijumba, kumi na sita juu, kumi na sita chini, kila jumba jino moja, na pembeni ya kila jino mstari mdogo ulioandikwa "chanzo". Na siku zilizobaki kabla ya mtihani zilikuwa ngapi? Thelathini na mbili! Alitaka kupiga vigelegele. Kila jino siku moja, kila siku mada moja. Alipohesabu mada akapata thelathini na moja, na mdomo wa mtu mzima hauna meno thelathini na moja kama hakung'olewa, kwa hiyo akaigawa mada ya umeme mara mbili ili hesabu itimie. Mtu mwingine angeacha siku moja ya kupumzika. Huyu alikuwa mtu wa meno.

Sehemu ya jina akaiacha wazi. Umri akaandika 34, jinsia akaandika, maana mkono umezoea kujaza. Kanuni ikawa ileile ya kliniki. Jino zima au lililozibwa, yaani siku iliyosomwa, buluu. Jino bovu, yaani siku iliyopotea, jekundu, na hapo pembeni unaandika chanzo cha ubovu. Akachukua ile penseli yao yenye ncha mbili, nyekundu huku na buluu kule, akaikunja chati mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Hii ni ratiba ama mdomo?" mumewe aliuliza alipoiona mezani.

"Ni ratiba."

"Haya. Basi usije ukang'oka wewe." Akacheka peke yake. Mume huyu ni mtu mwema, hana neno, ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kufungua bomba lolote la nyumbani bila kusema, "Nishikie tu hii spana dakika mbili." Dakika mbili za fundi bomba! Siku ya tatu alimshikisha spana chini ya sinki tangu saa kumi na mbili jioni mpaka chakula kikalala. Jekundu. Chanzo: Bomba.

Siku ya nne ilikuwa ya kuudhi zaidi. Kliniki hufungwa saa kumi na nusu jioni, na chumba cha kusomea cha maktaba, mitaa minne kutoka hapo, hufungwa saa moja. Saa mbili na nusu safi za kusoma, hakuna spana. Alikuwa keshavua koti la kazi, mkoba uko begani, ndipo akaingia mzee aliyevunjika jino kwa kuuma mfupa. Dada wa mapokezi, ambaye wote humwita Redio kwa kuwa hazimiki, akasema, "Nenda zako, Mama Trei, leo nitashika mimi." Na kweli akaanza kupanga trei. Mama Trei akatupa jicho. Lo! Koleo la meno ya chini, na jino la mzee liko juu. Pamba imerundikwa. Kioo kiko kulia! Akautundika mkoba. "Daktari huyu hajui saa," alinung'unika moyoni huku akivaa glavu, na hasira zimempanda mpaka masikioni. Daktari alikuwa akinawa mikono, amempa mgongo. Jekundu. Chanzo: Daktari.

Ikawa hivyo. Siku ya sita Daktari. Siku ya tisa Dada, maana dada yake alitaka asindikizwe kuchagua pazia, na mtu achaguaye pazia na nduguye haangalii saa. Siku ya kumi Daktari, ya kumi na moja Daktari. Ncha nyekundu ya penseli ikazidi kufupika, ya buluu ikabaki ndefu, na kila jioni alipoifungua chati roho ilimwuma. Jioni ya ishirini alihesabu: buluu sita, nyekundu kumi na nne. Tisa za Daktari, tatu za Bomba, mbili za Dada. Alikaa ameshika tama, akajisikia kulia, kisha akajisikia kumpiga mtu. Watu wote hawa, kila mmoja anakuja na dakika mbili zake, na yeye ndiye atakayezeeka na trei!

Sasa sikiliza yaliyompata kesho yake. Pale kliniki kuna kanuni moja kali, na aliyeiweka ni yeye mwenyewe, tangu mgonjwa mmoja aponee chupuchupu kuzibwa jino kwa chati ya mwenzake. Chati yoyote ikikutwa haina faili, isiguswe, isikunjwe, iende moja kwa moja mezani kwa Daktari. Siku hiyo ya ishirini na moja ukaletwa mzigo wa glavu. Mama Trei akatoa kalamu mfukoni ili atie sahihi, na chati ikatoka pamoja nayo, ikabaki juu ya meza ya mapokezi. Redio akaiona. Redio, ambaye hajawahi kufuata kanuni yoyote tangu aajiriwe, siku hiyo akaifuata.

Saa saba mchana Daktari akaita kutoka ofisini. "Mama Trei! Hebu njoo. Na Redio aje."

Daktari ni mtu wa makamo, mnene kiasi, miwani huivalia kwenye ncha ya pua. Mbele yake chati imekunjuliwa, amelaza mikono juu yake kwa huzuni.

"Huyu ni nani?" Daktari aliuliza. "Mwanamke, miaka thelathini na nne. Jina hakuna, faili hakuna. Meno kumi na manne mabovu! Kumi na manne, jamani, na umri wenyewe bado mbichi kabisa. Anakula nini huyu, sukari kwa kijiko?"

"Mimi sikumwona akiingia," Redio alisema haraka, "na mlango ni wangu."

"Tazama na vyanzo vyake. Bomba. Bomba. Bomba. Ameangukia bomba mara tatu?"

"Anapigwa!" Redio akashika kifua. "Mume anampiga kwa bomba. Masikini ya Mungu! Tuwaite polisi."

Mama Trei alimwona mumewe akilini, yule asiyeweza hata kuua mende, akataka ardhi ipasuke.

"Na hapa kuna Dada, mara mbili."

"Dada naye anapiga?"

"Redio, nyamaza kidogo. Haya yote si kitu. Kubwa ni hili." Daktari akavua miwani, na uso ulikuwa umeanza kuwiva kwa hasira. "Tisa, amesema mwenyewe, chanzo: Daktari. Mara tisa! Yaani kuna mwenzetu mahali, ana cheti ukutani, ana kiti kama hiki changu, ameharibu meno tisa ya mwanamke mmoja. Hata aibu hana! Mama Trei, wewe unawajua wagonjwa wote. Nitajie daktari huyo. Leo hii naandika barua. Mtu wa namna hiyo asiruhusiwe kushika hata mswaki."

"Ni wewe, Daktari."

Redio alinyamaza, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa kalendani.

Basi akamwaga yote. Mtihani, umri, mada, ratiba ya rangi nne, ratiba isiyo na rangi, maktaba ifungwayo saa moja. Alianza kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosema ndivyo hasira za siku ishirini zilivyompanda. "Kila nikishika mkoba kuna mgonjwa! Kila nikivua koti kuna jino! Miaka kumi na moja nakupa koleo hujaliomba, na mimi nikitaka saa mbili na nusu zangu, mbili na nusu tu, sizipati!"

"Na hukuniambia," Daktari alisema.

"Ningekuambia nini? Nifeli, kisha kila asubuhi unitazame kwa huruma? Sitaki huruma ya mtu."

Daktari alivaa tena miwani, akaivuta chati karibu, na badala ya kukasirika akaagiza daftari la miadi. "Nimetuhumiwa," alisema, "basi na nijitetee. Siku ya nne. Mzee wa mfupa. Nilikuambia ubaki?"

Mama Trei akaitazama chati.

"Mimi nilimwambia aende," Redio alisema.

"Siku ya sita?"

Siku ya sita alikuja mama mmoja kuondolewa nyuzi, kazi ya dakika tano, naye Mama Trei alibaki kwa kuwa Redio huzikata nyuzi kwa mkasi usio wa nyuzi. Siku ya kumi hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Alibaki anapanga upya kabati la dawa, maana mtu alikuwa ameweka chupa kubwa mbele ya ndogo. Siku ya kumi na moja, ndiyo, Daktari alimwomba. Siku ya kumi na tatu alirudi kutoka mlangoni kuhakikisha mashine ya kutakasia vifaa imezimwa. Ilikuwa imezimwa. Akabaki.

Walikwenda hivyo, jino kwa jino, kidole cha Daktari kikishuka kwenye daftari. Heri Mama Trei angetukanwa.

"Mbili ni zangu," Daktari alisema mwishoni. "Hizo nakuomba radhi, na sirudii. Lakini saba hizi si zangu. Wewe ndiye unayewagombeza wanafunzi wanaokuja kujifunza hapa: andikeni chanzo vizuri, chanzo kikikosewa tutaziba jino na ubovu utarudi palepale." Akamrudishia chati. "Umebakiwa na siku kumi na mbili. Huwezi kuokoa mdomo wote huu. Yapi tunang'oa?"

"Umeme," alisema Mama Trei. "Yote mawili."

"Ng'oa. Na mengine?"

Wakakaa robo saa, Daktari anauliza kama aulizavyo kwa mgonjwa, lipi linauma, lipi linaweza kusubiri, lipi lina mzizi imara. Yakang'olewa saba. Yakabaki kumi na tisa kwa siku kumi na mbili. Ilikuwa ratiba ya kwanza yenye akili aliyowahi kuwa nayo, na hakuifurahia hata kidogo. Alikwenda chumba cha kuoshea vifaa, akafungua maji kwa nguvu, akasugua koleo moja mpaka likang'aa mara mbili, analia kwa hasira. Alimchukia Daktari. Alimchukia Redio na mkasi wake. Aliona wamemvua nguo mbele ya watu, na kibaya zaidi, hawakusema uongo.

Saa kumi na dakika ishirini na tano mlango ukagongwa. Akaingia kijana mmoja, dereva, shavu limevimba, jicho moja limekaribia kufumba. Daktari akamkalisha kitini. Hakumtazama Mama Trei. Redio akavaa glavu, akavuta trei.

Mama Trei alishika mkoba. Akafika mlangoni. Nyuma yake akasikia chuma kikianguka sakafuni, na Redio akisema, "Samahani, samahani, hiki ndicho ulichotaka?" Daktari akasema, "Hapana, kile kingine." Kikanyanyuliwa kingine. "Hapana. Cha pembeni yake." Kioo kilikuwa kulia, alijua bila kugeuka, alikijua kwa mlio wake. Mkono ulimwasha. Angerudi hatua sita tu, hatua sita, akisogeze kushoto kisha aende. Dakika mbili.

Alisimama hapo mpaka mkanda wa mkoba ukamkata kiganja. Kisha akatoka, na ngazini alikuwa akisema kwa sauti, "Pumbavu, pumbavu, pumbavu," mpaka mlinzi wa getini akamuuliza kama anamwambia yeye.

Maktaba alikaa meza ya dirishani. Ukurasa wa kwanza aliusoma mara tatu na hakuna kilichoingia, akili iko kwenye trei. Je, wameloweka vifaa? Je, sindano imefunikwa, au kijana wa watu ameiona? Mara ya nne sentensi moja ikaingia. Ya tano ikaivuta ya pili. Mtu wa meza ya nyuma alikuwa akikohoa, taa moja ilikuwa ikipepesa, na yeye alisoma akiwa amekunja uso vilevile, hajasamehe mtu, mpaka mlinzi wa maktaba alipopita akisema zimebaki dakika kumi.

Akaifungua chati. Jino la ishirini na moja akalipaka buluu, taratibu, asitoke nje ya mstari. Kisha akatoa kalamu, akarudi nyuma mpaka siku ya nne. Akalikata neno "Daktari" kwa mstari mmoja, kama wafanyavyo kliniki ili kosa libaki linasomeka, na juu yake akaandika "Mimi". Akaenda siku ya sita, akaandika "Mimi". Ya kumi, "Mimi". Mlinzi alikuwa ameanza kuzima taa za upande wa pili. Alikuwa bado na manne ya kuandika, akayaandika yote.